Koa wa Baharini: Sumu ya Kuazima na Tangi Lisiloweza Kumlisha

Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes alichapisha taarifa fupi kuhusu koa mdogo wa baharini wa kwenye miamba ya matumbawe, Phyllidia varicosa. Alieleza kwamba mnyama huyu hutoa ute wenye harufu kali, na kwamba ute huo huwaua samaki na jamii ya kamba na kaa waliomo naye kwenye maji yale yale. Haumi wala hachomi. Anatambaa polepole, mweusi, mgongoni ana matuta ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu yenye vichwa vya manjano, na walio karibu naye wanakufa.

Mtu anayefuga samaki wa maji chumvi nyumbani anauelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Baharini ute huchukuliwa na mkondo ukatawanyika. Ndani ya tangi la lita mia mbili maji ni yale yale. Pampu inayazungusha, yanapita kwenye matamvua ya kila samaki, kisha yanarudi tena. Koa mmoja wa urefu wa kidole akisumbuliwa, au akifa usiku nyuma ya jiwe, anaweza kuondoka na tangi zima.

Habari za makoa wa baharini huishia hapo mara nyingi: wazuri, wana sumu, kaa mbali. Kwa maoni yangu sumu si ugumu wao mkubwa. Kinachowashinda wafugaji ni chakula, na ukiifuatilia sumu hadi chimbuko lake utakuta kwamba sumu na chakula ni jambo moja.

Koa wa baharini ni konokono ambaye ukoo wake umeachana na gamba. Wengi wao huanza maisha wakiwa mabuu wenye gamba dogo, wakalivua wanapogeuka kuwa makoa. Kundi lao linalojulikana zaidi, nudibranki, ambao wengi matamvua yao yako wazi mgongoni, lina aina zaidi ya 3,000 zilizokwisha kuelezwa. Asichanganywe na jongoo bahari, yule anayevuliwa na kukaushwa Pwani kwa ajili ya soko la Asia. Huyo ni ndugu wa kiti cha pweza. Ingawa wawili hawa wanakutana mahali pamoja pa kushangaza: mtoto wa jongoo bahari aina ya Pearsonothuria graeffei hufanana kwa rangi na vinundu na koa wa jamii ya Phyllidia. Samaki aliyekwisha kujifunza kumkwepa koa humkwepa naye.

Sumu inatoka wapi

Paul Scheuer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii ndio walioifuata sumu ya Phyllidia hadi mwisho wake. Mwaka 1975 walichapisha umbo la kemikali yenyewe na kuipa jina linalotokana na Pupukea, eneo la kisiwa cha Oahu. Waligundua pia kwamba koa hakuitengeneza. Ilikuwemo ndani ya sifongo, mnyama aliyeganda kwenye mwamba ambaye kwa kuwa hawezi kukimbia hujilinda kwa kemikali. Phyllidia anakula sifongo hiyo. Hana hata meno ya kukwangua walio nayo konokono wengine. Humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha mlo wake, kisha akaufyonza. Anafyonza lishe na silaha kwa pamoja.

Makoa wa jenasi ya Chromodoris, wale wenye mistari ya buluu, nyeupe na machungwa wanaopigwa picha sana na wapiga mbizi, wanafanya hivyohivyo kwa ustadi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Karen Cheney wa Australia na wenzake ulichunguza aina tano zilizo karibu kiukoo. Kati ya kemikali zote zinazopatikana kwenye sifongo wanazokula, aina zote tano zilikuwa zimehifadhi moja tu kwenye ukingo wa vazi la nyama linalofunika mwili: latrunkulini A. Hii ni sumu kali kiasi kwamba maabara za baiolojia duniani huitumia kuvunja nyuzi za ndani zinazoipa seli umbo na mwendo. Na ukingo ndipo samaki anapong'ata kwanza.

Wapo wachache wanaojitengenezea wenyewe. Makoa wa jenasi ya Dendrodoris, kwa mfano, huunda kemikali chungu inayowafukuza samaki bila kuitegemea sifongo. Lakini ni wachache, na hawabadilishi picha.

Hadi hapa tumezungumzia sumu inayomdhuru anayekula au kuishi katika maji yake. Kundi jingine la makoa, aeolidi, hutumia sumu ya kuchoma, na namna wanavyoipata ni kati ya mambo ya ajabu kabisa niliyowahi kuyasoma kuhusu viumbe wa baharini. Mgongo wa aeolidi umejaa vidole laini vilivyosimama safu kwa safu. Ndani ya kila kidole kuna tawi la tezi ya kusagia chakula, na kwenye ncha kuna ghala dogo. Ghala hilo limejaa silaha za mnyama mwingine.

Anemoni na yavuyavu, wale wanyama laini wanaowachoma waogaji, wana seli zenye vifuko vidogo mno. Ndani ya kila kifuko kuna uzi uliokunjwa, wenye ncha na sumu, chini ya mgandamizo wa takriban mara 150 ya ule wa hewa tunayoivuta. Kifuko kikiguswa, uzi hufyatuka. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 kwa mnyama wa jamii hiyo aitwaye hidra vilionyesha kwamba hatua ya kwanza ya mfyatuko huchukua nanosekunde 700, yaani sehemu 700 za sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Aeolidi anakula vifuko hivi.

Mdomo na koo lake vimekingwa kwa seli zilizojaa vijipande vigumu vya kaitini, na juu yake kuna ute. Ute wenyewe si wa kubahatisha. Imeonekana kwa koa wa bahari za baridi, Aeolidia papillosa, kwamba ute wake huzuia mfyatuko wa anemoni anayemla kwa wakati huo, na akihamishiwa anemoni wa aina nyingine huhitaji muda hadi ute ubadilike. Vifuko vilivyokomaa vingi hufyatuka bure. Vile vichanga hupita salama, vikapanda kwenye matawi ya tezi hadi kwenye ncha za vidole, na huko seli maalumu huvimeza bila kuvisaga. Katika utafiti wa miaka ya karibuni imeonekana kwamba vifuko hivyo huivia humohumo ndani ya koa, pale mazingira ya seli iliyovimeza yanapogeuka kuwa ya asidi. Samaki akimng'ata mgongo, misuli ya kidole hujibana, vifuko husukumwa nje kupitia kitundu cha nchani na kufyatukia mdomoni mwa samaki.

Mwaka 1903 mtafiti Grosvenor ndiye aliyekusanya ushahidi uliowaridhisha wenzake kwamba vifuko hivi ni vya kuazima, baada ya miaka mingi ya mabishano. Jambo la kushika ni kwamba ghala hilo halijai mara moja likabaki hivyo. Vifuko hutumika, na vingine huingia kwa mlo unaofuata. Koa asiyekula chakula chake hasa anapoteza uzito na silaha kwa wakati mmoja.

Joka la buluu

Aliyefikisha ustadi huu mbali kuliko wote ni Glaucus atlanticus, anayejulikana kama joka la buluu. Ana urefu wa sentimita tatu hivi, mara nyingi pungufu. Haishi kwenye mwamba. Humeza kiputo cha hewa kinachokaa tumboni na kumfanya aelee juu ya maji bahari kuu, akiwa chali: tumbo juu, mgongo chini. Tumbo lake la buluu linalingana na rangi ya bahari kwa ndege anayetazama kutoka juu, na mgongo wake wa fedha unalingana na mwanga kwa samaki anayetazama kutoka chini. Anakula wanaoelea pamoja naye, na mmoja wao ni Physalia, yule mwenye pufu la buluu juu ya maji na mikia mirefu inayochoma vibaya. Kwa kuwa anavikusanya vifuko vikali na kuvirundika kwenye ncha za vidole vyake, kuguswa na koa huyu mdogo kunaweza kuuma kuliko kuguswa na Physalia mwenyewe.

Anapatikana Bahari ya Hindi, Atlantiki na Pasifiki, na upepo unaovuma kuelekea nchi kavu humsukuma hadi fukweni, hasa Afrika Kusini na Australia. Agosti 2025 mamlaka za Guardamar del Segura, mji wa pwani huko Hispania, zilifunga fukwe kwa muda baada ya kuonekana makoa hawa wachache tu. Tahadhari hiyo ilikuwa na msingi. Mtoto anapoona kitu kizuri cha buluu mchangani hukiokota, na vifuko hufyatuka hata koa akiwa amekwisha kufa.

Akichomwa mtu, oshea kwa maji ya bahari, ondoa mabaki bila kutumia mikono mitupu, kisha tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto yanayovumilika, takriban nyuzi 45, kwa dakika 20. Maji ya moto ndiyo yaliyoonekana kusaidia katika majaribio ya Australia dhidi ya Physalia, na sumu ya joka la buluu imetoka hukohuko. Akivimba uso au akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali bila kusubiri.

Sasa jaribu kumfikiria huyu ndani ya tangi. Chakula chake ni wanyama wanaoelea bahari kuu, ambao hakuna duka linalowauza na ambao huja ufukweni upepo ukitaka. Ukimkosesha chakula atawala wenzake. Majoka ya buluu yakiwekwa pamoja hulana. Mwili wake umeumbwa kwa maji yasiyo na ukuta, lakini tangi ni kuta nne, na pampu ina mdomo unaovuta. Vituo vinavyofuga viumbe vya kuelea hutumia matangi ya mviringo ambamo maji huzunguka taratibu bila kumgotesha mnyama popote, ila tangi la mviringo halileti Physalia mezani. Wanaomwokota na kumweka kwenye ndoo kwa kawaida hubaki naye kwa siku chache tu.

Kinachotokea dukani

Joka la buluu haliuzwi kwa wingi. Wanaouzwa ni wale wa miambani, hasa wa Chromodoris na jamaa zake, wengi wakiletwa Ulaya na Marekani kutoka Indonesia na Ufilipino. Kwa mpiga mbizi anayekusanya, koa ni mavuno mepesi: hakimbii, hajifichi sana, na rangi yake inajitangaza. Kwa mnunuzi ni kito. Anafika nyumbani, anatambaa kwenye vioo siku ya kwanza, na mwenyewe anafurahi akidhani mnyama anakagua makazi mapya.

Hakagui. Anatafuta sifongo. Aina nyingi za makoa hula aina moja au chache mno za sifongo, na sifongo hiyo haimo tangini. Hata ukiipata, kuifuga ni kazi nyingine kubwa, kwa kuwa sifongo huchuja chembe ndogo sana za chakula kutoka kwenye maji, wakati kazi ya kichujio cha tangi ni kuziondoa chembe hizohizo. Kwa hiyo koa anatembea, anapungua, siku moja hawezi tena kushika kioo, mkondo unambeba hadi kwenye pampu. Akisagwa huko, kilichokuwa kwenye ukingo wa vazi lake kinaingia majini.

Kuna hoja kwamba wanyama hawa wana maisha mafupi hata baharini, na hoja hiyo ni ya kweli: wengi huishi mwaka mmoja au chini ya hapo, hutaga mayai kwa wingi, kisha hufa. Lakini kufa kwa umri na kufa kwa njaa ni vifo viwili tofauti, na yule aliyekusanywa akiwa mzima huenda alikuwa hajataga bado. Sioni sababu ya kumtoa mnyama kwenye mwamba wake ili akafe njaa mbele ya macho ya watu kwa wiki tatu. Hao wa kula sifongo waachwe walipo.

Kuwazalisha ndani ya tangi badala ya kuwatoa baharini ndilo suluhisho ambalo kila mtu angelitaka. Tatizo liko kwa mabuu. Ya aina nyingi huelea kwa wiki kadhaa yakila mimea midogo sana ya majini, kisha hayageuki kuwa makoa mpaka yanuse alama ya chakula yatakachokula yakikua. Michael Hadfield wa Hawaii alitumia miaka mingi akichunguza koa mmoja anayekula matumbawe, Phestilla, na kuonyesha kwamba kemikali inayotoka kwenye tumbawe aina ya Porites ndiyo inayoliambia buu litue. Hakuna tumbawe, hakuna koa. Chakula, tena.

Yule anayefugika

Kuna koa mmoja ambaye amevunja ukuta huu, na sababu yake inathibitisha kanuni yenyewe. Berghia stephanieae ni aeolidi wa sentimita mbili hivi, kahawia hafifu, asili yake Florida. Anakula anemoni wadogo wa jenasi ya Aiptasia, basi. Na Aiptasia ndiye kwekwe wa matangi ya maji chumvi duniani kote: huingia na mawe, huchoma matumbawe, na ukimkata, kipande kidogo cha mguu kilichobaki kwenye jiwe huota kuwa anemoni mzima. Watu humchoma sindano za chokaa, humkamulia ndimu, na baada ya mwezi anarudi akiwa wengi zaidi.

Berghia akimkaribia, humgusa kwanza kwa vipapasio vya mdomoni. Anemoni hujikunja. Koa hurudi nyuma, vidole vya mgongoni vinasimama vikielekezwa mbele, kisha anaingia na kuanza kung'ata, mara nyingi kwenye shina badala ya mikono yenye vifuko vingi. Baada ya saa chache vidole vyake hubadilika rangi kwa kile alichokula. Kazi hii hufanywa usiku zaidi, kwa hiyo mwenye tangi huweza kukaa wiki bila kumwona, akaona tu kwamba Aiptasia wanapungua.

Mayai yake huwekwa kwa utepe mweupe uliozungushwa, na kila koa anaweza kuyataga kwa kuwa ni dume na jike kwa pamoja. Huanguliwa baada ya siku kama 12. Mabuu yake yana kiini cha kuyalisha na hayahitaji wiki za kuelea yakitafuta chakula. Ndani ya miezi miwili hivi watoto nao wanataga. Watafiti Carroll na Kempf walieleza namna ya kuwazalisha maabara mwaka 1990, wakati aina hii ikiitwa kwa jina jingine, na tangu hapo wamekuwa wakiuzwa na wazalishaji bila kutolewa baharini. Maabara za ubongo pia zinawapenda, kwa kuwa mfumo wao wa neva ni mdogo wa kufuatilika.

Hata huyu ana masharti. Samaki wa jamii ya pono wadogo na kamba fulani humla, silaha au hapana. Pampu humnyonya asipowekewa sifongo ya plastiki kwenye mdomo wake. Dawa ya samaki yenye shaba humuua papo hapo. Na Aiptasia wakiisha, atakufa njaa, ndiyo maana wafugaji wanaojali hupeana: wangu wamemaliza kazi, njoo uwachukue kabla hawajafa. Wengine hufuga Aiptasia kwa makusudi kwenye beseni la pembeni ili kuwalisha.

Sungura bahari, kundi jingine la makoa wa baharini, kama Dolabella auricularia anayepatikana Bahari ya Hindi, ana nafuu pia kwa sababu anakula mwani. Anahitaji mwani mwingi, na mwani wa tangi huisha haraka. Katika mwili wa Dolabella waliokusanywa karibu na Mauritius mwaka 1972, kundi la George Pettit wa Marekani lilipata kemikali iitwayo dolastatini 10, ikachapishwa mwaka 1987. Dawa ya saratani iliyojengwa juu ya umbo lake iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Baadaye ilijulikana kwamba hata dolastatini hutengenezwa na bakteria wa rangi ya buluu na kijani, ambao sungura bahari huwameza na mwani wake.

Kwa hiyo anayefikiria kumnunua koa wa baharini amuulize muuzaji swali moja: anakula nini, kwa jina? Kama jibu ni Aiptasia, na tangi linao, mchukue. Kama ni mwani, uwe nao wa kutosha. Kama ni sifongo, omba kuiona sifongo hiyo ikiwa hai na ikiuzwa pamoja naye. Na muuzaji akikujibu kwamba koa wa Chromodoris anakula uchafu wa kwenye vioo, hamjui mnyama aliye naye. Toka hapo bila kununua, na mwambie kwa nini.